Nakusanya Nguo za Jeshi, Lakini Sizivai. Wacha Niwaambie Kwa Nini

Wasee, kila nikiweka video mpya, lazima mtu aone ile rafu iliyo nyuma yangu aulize: "Buda, hizo jungle ni za nini? Kwani uko jeshi?"

Siko jeshi. Sijawahi hata kupanga laini siku ya kuandikisha makurutu. Mimi ni kijana wa Umoja, miaka 22, napiga video, na kwa miaka mitano sasa nakusanya nguo za jeshi za mtumba pamoja na vile vitu askari hubebea mizigo: mikanda, pochi za risasi, vifuko vya chupa za maji, mabegi. Saa hii niko na vipande 14. Si vingi. Kuna watu huko nje wako na chumba kizima. Lakini hivi vyangu 14 najua kila kimoja kilitengenezwa cha nini na kwa nini kikabadilishwa.

Swali la pili huwa, "Mbona hatujawahi kukuona umezivaa?" Hilo ndilo nataka kujibu leo. Jibu ni refu kidogo na kuna mahali linaniaibisha, kwa hivyo nivumilie.

Ilianza Gikomba nikiwa kidato cha tatu. Kama hujawahi kufika, kuna nguo za kamera, zile za kwanza kutoka kwa bale, safi, bei imesimama. Halafu kuna fagia, zile za mwisho zinamwagwa chini unachimba mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa fagia. Siku hiyo nikavuta mkono wa shati nikidhani ni kitambaa cha kochi. Lilikuwa na madoa madogo madogo, mamia, kama mtu amechovya brashi kwa rangi akaikung'uta. Kijani tofauti tofauti, kahawia inayokaribia wekundu, na nyeusi. Kwa mkono, karibu na bega, bendera ndogo ya Ujerumani. Juu ya mfuko wa kifua, kipande cha velkro palipokuwa na jina la mtu.

Muuzaji alitaka soo tano. Tukaelewana soo tatu, na hapo ndipo nauli yangu iliisha. Nilitembea na Jogoo Road hadi nyumbani nikiwa nimelikumbatia hilo shati kama mtoto.

Usiku huo sikulala. Nikagundua hayo madoa yana jina, Flecktarn, na jeshi la Ujerumani limeyavaa tangu karibu mwaka wa 1990. Rangi tano, hakuna hata mstari mmoja ulionyooka. Na hiyo ndiyo siri yake. Macho yetu hayatafuti rangi peke yake, yanatafuta umbo: bega, kichwa, mkono. Ukivunja ukingo wa umbo, ubongo wa anayekuangalia unakosa pa kushika. Anaona majani tu, kumbe ni mtu amesimama.

Nikazidi kuchimba. Mwaka wa 1915, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wafaransa waliunda kikosi cha kuficha mizinga na askari, wakachukua wachoraji na mafundi wa majukwaa ya maigizo kufanya hiyo kazi. Alama yao ilikuwa kinyonga. Halafu Waitaliano mwaka wa 1929 wakachapisha kitambaa cha mabaka kwa wingi kiwandani, na unajua walianza kukitumia kwa nini? Hema! Nguo zilikuja baadaye. Manze, mimi nilikuwa nimezoea historia ya kukariri tarehe za mikataba. Hii nilikuwa nimeishika mkononi, imefuliwa, na bado inanuka bale.

Cha pili nilipata Toi. Koti la Mwingereza. Hili lilikuwa na mabaka marefu, kama yamepakwa na brashi pana: nyeusi, kahawia, kijani, na rangi ya mchanga. Waingereza waliuanza huo mchoro miaka ya 1960. Kama umeshaiona hiyo picha kichwani ukasema, "Ah, si hiyo ni ya KDF?", hujakosea sana. Jungle ya jeshi letu imetokana na hiyo ya Mwingereza.

Nililivaa mara moja tu.

Nilikuwa kwa steji nangoja matatu. Askari wawili wakanikaribia polepole, mmoja kila upande. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, wewe ni wa kambi gani?"

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili, nikaanza kumweleza: "Afande, hii si yetu, ni ya Uingereza, angalia hata lebo..."

"Mimi sijakuuliza historia."

Nilikaa kwa benchi masaa mawili mpaka mzee wangu akatoka kazini kuja kunichukua. Hakunigombeza. Alisalimia askari, akaomba msamaha kwa niaba yangu, na njia nzima hakusema neno. Koti halikurudi nyumbani na sisi, na sikuuliza liko wapi.

Hapa niwe wazi ili mtu asiingie shimo lile lile. Sheria ya Kenya inakataza mtu ambaye si askari kuvaa sare za vikosi, na si sare yenyewe tu, hata nguo inayofanana nayo. Haijalishi ulinunua Gikomba kwa pesa yako. Na si Kenya peke yake. Uganda wako vivyo hivyo, na mwaka wa 2019 waliongeza hata kofia nyekundu kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Kule Barbados ni kosa hata mtalii kuvaa kaptura ya jungle, hata mtoto mdogo.

Sasa, mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikajifanya wakili. Nikajiambia: shida ni mabaka ya Mwingereza kwa sababu yanafanana na ya kwetu. Lakini Mjerumani ni madoa, na ana bendera kwa mkono. Hakuna askari atanichanganya na KDF. Nikarudi kuvaa lile shati la Flecktarn, na kwa miezi kadhaa kweli hakuna aliyenishika. Nilipiga picha nalo, likapata maoni mengi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeweka. Nikajiona nimeshinda mfumo.

Halafu nikaenda kwa akina rafiki yangu.

Huyu ni rafiki wa tangu shule. Kwao wanatoka Mlima Elgon, lakini yeye na mamake wamekaa Nairobi miaka mingi. Nilikuwa nimeingia kwao mara mia. Mamake huniita "kijana wangu" na chai yake ina tangawizi ya kukukohoza. Jumamosi hiyo nikabisha, yeye ndiye akafungua.

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alinisalimia, akarudi nyuma hatua moja, akaenda kuketi kwa kile kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni. Rafiki yangu alikuwa bado anaoga. Tukakaa. Thermosi ilikuwa mezani, vikombe viko hapo, na hakumimina. Huyo mama! Ambaye hata aliyekuja kusoma mita ya stima lazima anywe kitu.

Baada ya muda akauliza, "Hiyo shati ulitoa wapi?"

"Gikomba, mama."

"Unaweza kuivua?"

Na mimi, na ule uwakili wangu, nikamgeuzia mkono. "Mama, hii si ya Kenya. Ni ya Ujerumani. Ona bendera."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anaangalia mtoto ambaye hajui amekanyaga nini. Akasema, "Mimi sikuangalia bendera."

Nikaivua. Nikabaki na vesti. Akaingia ndani akaniletea jezi ya mtoto wake, nikavaa, na ndipo akamimina chai. Alianza kuongea akiangalia kikombe.

Alinieleza vile mambo yalikuwa kwao. Kwanza kulikuwa na wale wapiganaji waliojiita watetezi wa ardhi, waliokuwa wanaua watu na kuwakata masikio. Kwa hivyo jeshi lilipoingia Machi 2008, kwenye ile operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, kuna watu walishangilia. Yeye pia. Alisema walisimama kando ya barabara wakipunga mikono. Halafu siku chache baadaye malori yakarudi, na safari hii yalikuwa yanachukua wanaume. Si wapiganaji peke yao. Mwanaume yeyote aliyepatikana. Walipelekwa kambini kuchujwa. Kakake alikuwa miongoni mwao. Alirudi baada ya wiki tatu, na mpaka leo hawezi kushika kikombe na mkono wa kulia.

Mimi nilizaliwa kabla ya 2008, lakini sikuwa nimewahi kusikia hayo. Baadaye nilienda kusoma. Ripoti za haki za binadamu, na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013, zimeandika juu ya mateso ya pande zote mbili, ya wapiganaji na ya wanajeshi. Jeshi lilikana kutesa watu. Sijaleta hii hadithi ili tupigane hapa. Naileta kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa juu ya vile kitambaa kinavyodanganya jicho, na sikuwa nimewahi kufikiria jicho lenyewe ni la nani.

Nilienda nyumbani na jezi ya rafiki yangu, shati likiwa chini kabisa ya begi. Nikaliweka kwa katoni chini ya kitanda. Nikafuta zile picha. Nilikuwa nimeamua kuuza kila kitu.

Kilichonirudisha ni kitu cha kijinga kabisa: begi la shule la kakangu mdogo. Angalia begi lako pia, au la yule msee wa boda anayekuletea chakula. Kama lina zile kanda zimeshonwa mbele kwa safu, kama ngazi, na hujui ni za nini, hizo si urembo. Ni mfumo wa jeshi la Marekani unaoitwa MOLLE, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila kanda ina upana wa inchi moja, na imeshonwa kwa vipimo ili pochi yoyote ya mfumo huo ipachikwe popote: kushoto, kulia, kifuani. Viwanda vya mabegi vikaiga, sasa nusu ya Nairobi inabeba kompyuta na sufuria za githeri kwa mfumo ambao uliundiwa magazini za bunduki.

Nikaanza kufuata hiyo njia kurudi nyuma. Kabla ya MOLLE, Wamarekani walikuwa na ALICE, iliyoidhinishwa mwaka wa 1973. Hao waligawanya mzigo mara mbili. Mzigo wa kupigana unakaa kwa mkanda wa kiunoni na kamba za mabegani: risasi, maji, bandeji. Mzigo wa kuishi unakaa kwa begi la mgongoni: chakula, nguo kavu, kitu cha kulalia. Mambo yakichemka unaachilia begi linaanguka, unabaki na ule wa kupigana. Niliposoma hivyo nilikaa kimya. Mtu fulani alikaa ofisini na mizani akaamua ni nini mtu anaweza kukosa na bado akaendelea.

Waingereza nao walikuwa na mikanda ya mwaka wa 1958, ya pamba. Ile waliyokwenda nayo vita vya Falklands 1982. Niko na pochi mbili za aina hiyo. Nilizilowesha maji makusudi nikazianika kwa balkoni. Manze, zikawa nzito kama matofali, na kesho yake bado zina unyevu. Hapo unaelewa mara moja kwa nini majeshi yalihamia nailoni. Huhitaji kuambiwa na kitabu. Na huhitaji kuvaa kitu cha kumtisha mtu.

Sasa nije kwa kipande cha muhimu kuliko vyote, ambacho hata si changu.

Krismasi iliyopita tulienda Machakos kwa susu, mama ya mzee wangu. Nikaingia stoo kutafuta jembe. Kwa msumari ukutani, palikuwa na mfuko umening'inia. Mraba, mrefu kidogo, kitambaa kigumu kilichofifia, kifuniko cha kukunja. Nilijua kabla sijaushika. Nikafunua kifuniko nikawasha tochi ya simu: mhuri umefifia, lakini unaona mshale mdogo, alama ya mali ya jeshi la Uingereza, na mwaka, 1941.

Ilikuwa pochi ya mfumo wa 1937. Hizo zilivaliwa mbili kifuani, na zilipimwa hivyo ili ziingie magazini za bunduki ya Bren. Kikosi kidogo kizima kilikuwa na Bren moja, lakini kila mtu alimbebea mwenye nayo risasi.

Ndani ya hii kulikuwa na mbegu za maharagwe.

"Susu, hii ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Alikuwa Keya."

Keya ni vile wazee wetu waliita K.A.R., jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki. Wakamba walikuwa wengi humo. Mwaka wa 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani, ikashuka Bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya huko, kuelekea mto Chindwin. Matope mpaka magari yanashindwa, kwa hivyo mizigo inabebwa na watu. Hawakuwa na mabaka. Nguo zao zilikuwa za kijani moja tu, kijani cha msitu.

Nikamuuliza alikuwa anasema nini juu ya vita. Susu akafikiria. "Hakuwa anasema. Alisema tu mvua ya huko haina adabu." Akacheka. "Na alikuwa hataki mtu apoteze huo mfuko. Alirudi na huo, na blanketi, na malaria."

Nimefikiria sana hiyo pochi. Babu huyo hakuchagua vita. Alipewa mzigo wa mtu mwingine, akaubeba mpaka ng'ambo ya bahari, akarudi. Na aliporudi akatoa risasi akatia mbegu. Hakuiweka kwa rafu ili wageni waione. Hakuivaa ili watu wamwogope. Aliipa kazi, na hata baada yake bado iko kazini, miaka 80 na zaidi.

Kwa hivyo haya ndiyo masharti yangu, na kama unataka kuanza kukusanya, chukua yanayokufaa.

Ya kwanza: chochote cha KDF, GSU au kikosi chochote cha hapa kwetu, sigusi. Hata ukiletewa kwa bei ya maandazi. Pengine kimeibwa, na kama hakijaibwa, bado utalala ndani.

Ya pili: nguo za mabaka za nchi nyingine hazitoki nje ya nyumba, na hazivaliwi. Na usijidanganye kama mimi kwamba mbali na Kenya ni salama. Sheria inaangalia kufanana, na anayeamua kama zinafanana ni yule aliyekusimamisha. Shati la Mjerumani bado ninalo. Limekunjwa kwa katoni, na nikilionyesha kwa video huwa liko mezani, halina mtu ndani.

Ya tatu: anza na vitu vya kubeba. Mikanda ya kijani, pochi, chupa. Ni bei nafuu, hakuna anayezipigania, na zinakufundisha zaidi. Angalia mishono. Tafuta mhuri ndani ya kifuniko. Jaza maji, vaa mgongoni, panda ngazi mpaka juu, ndipo utajua kwa nini mkanda fulani una upana fulani.

Ya nne ndiyo ninayotaka ubaki nayo. Kabla hujanunua, uliza nyumbani. Uliza mathee, uliza susu, uliza cucu, uliza jirani: hii ukiiona unakumbuka nini? Kuna nyumba utaambiwa hadithi ya mjomba aliyelinda amani Sierra Leone, na picha zake zitatolewa kwa kabati kwa fahari. Kuna nyumba hutamiminiwa chai. Zote ni nyumba za Kenya, na pengine ni mlango na mlango.

Mamake rafiki yangu bado ananiita kijana wangu. Naenda kwao, nakohoa na ile tangawizi, na hatujaongea tena ile hadithi. Lakini mwezi uliopita nilimwambia juu ya pochi ya maharagwe. Akauliza kitu kimoja tu: "Na panya hawaingii?"

Hawaingii. Kile kitambaa ni kigumu sana.

Susu aliniazima hiyo pochi niisafishe na kuipiga picha, ndiyo hiyo mmekuwa mkiiona kwa rafu, upande wa kushoto. Jana amenipigia simu. Hakutaka kujua video imetazamwa na watu wangapi. Mvua ya Oktoba inakaribia, mbegu ziko kwa karatasi, na anataka mfuko wake. Kwa hivyo wiki ijayo mkiona pale kushoto hakuna kitu, msiniulize. Umerudi kazini.

Niambieni: kwenu kuna kitu gani cha jeshi, na kinatumika kwa nini?